Kamba Tano za Masanja

Juzi nimemkuta mjukuu wangu Neema amesimama mbele ya kioo, kajifunga futi kiunoni, simu mkononi, kavuta tumbo ndani mpaka macho yamemtoka. Nikamuuliza, mama, unaumwa? Akasema, "Hapana babu, najipima. Kuna gauni naagiza Dar kwa simu, wanataka vipimo." Nikamwambia, hicho unachokipima si kiuno chako, ni kiuno unachokitamani. Akacheka, akaandika namba yake ile ile. Gauni limekuja wiki iliyopita. Limekwama mabegani, halikufika hata huko kiunoni tulikokuwa tunabishania.

Basi nimeona niwaambie, nyinyi wa simu, maana mnadhani kuagiza nguo kwa fundi asiyewaona mmeanza nyinyi. Thubutu! Mimi nimeshona nguo za watu nisiowaona kabla baba zenu hawajazaliwa.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini nilikuwa na cherehani yangu kwenye baraza la duka la Mwarabu mmoja pale Kharumwa. Msiifikirie Kharumwa ya leo. Ilikuwa barabara moja ya vumbi, maduka manne, ghala la pamba, na ng'ombe wengi kuliko watu. Wateja wangu wengi walikuwa vijana wa vijiji vya pale waliokwenda kuchimba dhahabu upande wa Rwamgasa. Walinizoea, hawakutaka fundi mwingine. Lakini futi hawakuwa nayo, na kuandika wengi hawakujua. Wakawa wanajipima kwa kamba.

Utaratibu tuliuweka hivi. Mtu mmoja, kamba tano. Yenye fundo moja ni shingo. Mafundo mawili, kifua. Matatu, kiuno. Manne, mkono, kuanzia bega mpaka kiganja kinapoanzia. Matano, mguu. Unazifunga pamoja, unampa dereva wa lori la pamba, unamtajia jina lako na nguo unayoitaka. Dereva akifika kwangu ananitupia, "Hizi za Masanja, anataka kaptula mbili." Mimi nazilaza mezani moja moja juu ya futi, naandika kwenye daftari, nakata.

Msidhani nilikuwa bingwa. Mteja wangu wa kwanza wa kamba nilimshonea suruali ikamwishia katikati ya muundi. Kamba zilikuwa za katani, zikanyeshewa juu ya lori, na katani ikilowa inanywea, hata ikikauka hairudi yote. Mimi nilijua wapi? Yule bwana akanitumia salamu kwa dereva: "Mwambieni fundi kaptula nimeipata, nzuri sana. Suruali naingoja." Tangu hapo kamba ikija imelowa, naongeza upana wa kidole kwa kila inchi kumi na mbili za kamba. Likumbukeni hilo la mvua, nitalirudia.

Mwingine alitaka gauni la mchumba wake. Kumzungushia kamba binti wa watu kabla ya mahari, nani angethubutu? Akaja mwenyewe mpaka barazani kwangu, akaikumbatia nguzo, akafumba macho, akalegeza mikono kidogo, akasema, "Fundi, pima hapa. Ananijaa hivi." Mwarabu mwenye duka alicheka mpaka akakaa chini. Nikapima, nikashona, na gauni likamkaa yule binti kama nimempima mwenyewe. Sikuuliza zaidi.

Ila wale vijana wa machimbo walikuwa na ugonjwa wao: kujiongeza. Usukumani mtu aliyenawiri ni sifa ya nyumba yake. Basi mtu anajipima kiuno ameshiba ugali, amejaza pumzi, na bado anailegeza kamba vidole viwili ili fundi amheshimu. Nyinyi mnalivuta tumbo ndani, wao walilitoa nje. Uongo ni ule ule, umetokea mlango mwingine tu.

Dawa ya uongo huo nilifundishwa na mwalimu wangu, fundi Ramadhani wa Nyasubi, kule Kahama. Mzee mkali kweli kweli. Ukiharibu nguo anakuvalisha wewe, ushinde nayo sokoni mpaka jioni. Mimi nimewahi kushinda na suruali mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, watu wananiuliza ninachechemea nini. Huyo mzee alikuwa na neno lake, akilisema huku anakugonga kichwani na rula: "Nyama ni mgeni, mfupa ni mwenyeji." Maana yake, kiuno kinakuja na kuondoka, kifua nacho hivyo hivyo. Lakini mtu mzima mkono wake haurefuki wala haufupiki. "Ukitaka kujua kipimo ni cha nani," alisema, "anza na mkono."

Nililijua neno hilo. Nililishika vizuri sana. Ndiyo maana mpaka leo sina la kujitetea.

Masanja alikuwa kijana wa kijiji cha jirani, mrefu, mwembamba wa kiasi, na mikono mirefu hiyo, tulimtania kwamba anaweza kukamua ng'ombe bila kuchuchumaa. Baba yake alikuwa amekufa, ndugu zake walikufa wadogo. Mama yake alibaki naye yeye tu. Siku Masanja alipokuja kupimwa kaptula za kwendea machimboni, mama alimfuata mpaka barazani kwangu, akawa anamsihi mbele yangu bila aibu.

"Usiende, ng'wanone, mwanangu. Utanirudia mifupa."

Masanja akacheka. "Mayu, nitarudi mnene mpaka unipishe njia ukidhani ni mtemi."

Hata mama alicheka, akafuta macho. Nikampima kwa futi yangu mwenyewe. Mkono, inchi ishirini na tano. Niliuandika na kuupigia mstari, maana sikuwahi kuona mkono mrefu hivyo kwa mtu wa umri wake.

Akaenda. Nyumbani kwao hapakuwa na mtu wa kusoma barua, kwa hiyo hata barua hazikuja. Zilikuja kamba. Na mama yake akisikia lori limeleta kamba, anaacha jembe shambani anakuja.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, nipe mwanangu nimwone."

Ndivyo alivyosema kila mara, nipe mwanangu nimwone. Nami nampa ile ya mafundo matatu. Anaizungusha hewani, anashika pale kamba ilipokutana, anaangalia hilo duara kana kwamba kuna mtu amesimama ndani yake. Kisha ananishukuru, "Wabeja," anarudi shambani. Mwaka wa kwanza kamba zilikuja mara mbili. Zote zilikuwa zake. Mkono, ishirini na tano.

Mwaka wa pili, masika, Mama Masanja akaja asubuhi na mzigo kichwani: kanga, sufuria ndogo, na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vya kukausha. Nikamwambia, mama, unahama? Hakucheka.

"Nakwenda Rwamgasa. Mtu aliyetoka huko kaniambia kisimani Masanja anakohoa. Anachimba siku mbili, analala tatu. Nikimkuta hivyo nambeba, nampeleka hospitali ya misheni. Jirani yangu walimlaza pale miezi, kifua kilekile, leo analima."

Lori lilikuwa limeingia asubuhi hiyo kutoka huko na lingerudi mchana. Dereva alikuwa ameshamkubalia nafasi ya mbele. Akaweka mzigo wake pembeni ya cherehani, akakaa kungoja. Mvua ilikuwa inanyesha tangu usiku.

Ndipo dereva akakumbuka, akatoa mfukoni furushi la kamba. "Fundi, hizi za Masanja. Safari hii anataka koti. Anasema ni la kurudia nyumbani."

Mama akaruka. "Nipe nimwone!"

Nikampa ya mafundo matatu. Akaizungusha, akashika. Lo! Duara lilikuwa limeongezeka kiganja kizima. Akalitazama, akaligeuza, akanitazama mimi, kisha akapiga vigelegele mpaka Mwarabu akatoka dukani.

"Kanenepa! Mwanangu kanenepa! Ati anakohoa! Wivu wa watu huo, hawataki kuona mtoto wa mjane amenawiri!"

Na mimi wakati huo nimeshika ya mafundo manne. Nimeilaza juu ya futi. Inchi ishirini na tatu. Nikainyoosha, nikapima tena. Ishirini na tatu. Nikafungua daftari, nikaona ule mstari nilioupiga chini ya ishirini na tano.

Moyo wangu ukasema, mvua. Kamba imelowa, imenywea, si ndivyo siku zote? Nikaongeza vidole vyangu viwili, ikafika ishirini na tano. Basi, imekwisha. Lakini wajukuu zangu, mvua haichagui fundo. Kamba zote tano zilikuwa kwenye furushi moja, katani moja. Kama mvua iliufupisha mkono, kiuno kiliongezekaje? Fundi wa mwezi mmoja angeliona hilo. Mimi nililiona. Nililiona nikalipita.

Mama Masanja akaacha kucheka. Yule mama alikuwa na macho. "Fundi, mbona umenyamaza? Kuna nini?"

Aliniuliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba aliniuliza. Na mdomo huu ukamjibu, "Hakuna kitu, mama. Kamba zimenyeshewa tu."

Mtaniuliza kwa nini. Nimejiuliza miaka yote. Kwanza, furaha ile. Nilikuwa sijawahi kumwona akifurahi hivyo, nikaona nitakuwa mchawi kumnyang'anya kwa ajili ya inchi mbili. Pili, niliogopa kuonekana mjinga: mama asafiri kwenye matope, amkute mwanawe mzima mnene, arudi aseme fundi wenu hajui kupima. Na la tatu, aibu kulisema, nilikuwa nimefurahi kupata koti. Siku hizo kila mtu aliagiza kaptula. Koti ndilo linalomtambulisha fundi.

"Basi siendi," akasema. "Pamba yangu imejaa magugu. Nikapalilie, mtemi wangu aje akute shamba safi." Akampa dereva ule mfuko wa michembe ampelekee, akajitwika sufuria na kanga zake, akashika njia ya nyumbani kwenye mvua, anaimba.

Nikashona lile koti. Kiuno na kifua nikafuata kamba. Mikono nikafuata daftari. Nilitia bitana, nikapiga pasi, nikalitundika barazani siku mbili nzima ili wapita njia waone. Halafu likaenda na lori.

Kiangazi kilipoanza, lori likasimama mbele ya duka, dereva akashuka, akazunguka upande wa pili kumsaidia mtu kushuka. Nililitambua koti kabla sijamtambua aliyelivaa. Lilikuwa linaning'inia. Ungefikiri bado liko kwenye msumari barazani kwangu.

"Fundi," Masanja akasema, akikaa kwenye benchi, "umenishonea hema."

Alijaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. Nilimletea maji. Alipopata pumzi akasema, "Lipunguze upesi, mayu asije akaniona hivi. Wamekwenda kumwita."

Nikachukua futi, nikamzungushia mwenyewe, kwa mikono yangu. Futi ikazunguka, ikabaki ndefu mkononi mwangu, na chini ya vidole nilisikia mbavu moja moja. Nikamuuliza polepole, "Masanja, zile kamba zilikuwa za nani?"

"Za Nkwabi, mpishi wetu kambini. Anakula kuliko tunaochimba." Akatabasamu. "Nilimwambia simama nikupime. Dereva aliniambia mayu huishika ile ya kiuno. Angeona nimekonda, angekuja. Nami nilikuwa nimelala chini, siwezi hata kumpokea mzigo. Nilisema nipone kwanza, koti litanijaa, ndipo nirudi."

Wahenga wamesema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini hawakusema habari za mtu anayemsaidia kuyaficha. Nikainamia cherehani, nikatia mishono miwili ubavuni, mmoja mgongoni, haraka haraka. Mikono sikuigusa. Haikuhitaji.

Mama akafika. Alisimama pale barabarani akamtazama. Nilidhani atapiga ukunga, hakupiga. Lile neno lake la mifupa hakulisema, wala halikuwa na haja ya kusemwa. Alimfunga vifungo vya koti kimoja kimoja, kama mtoto anayekwenda shule, akasema, "Twende." Dereva yule yule akawapeleka misheni.

Wakakaa huko. Habari zilizorudi zilisema daktari alimuuliza mama, "Mlikuwa wapi wakati wa masika?" Kifua kilikuwa kimekwisha pande zote mbili. Masanja alikufa kabla mvua hazijarudi.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yamewatangulia nyinyi wajukuu kwa miaka mingi. Ndiyo maana mtu akiniletea vipimo alivyojipima mwenyewe namuuliza maswali mpaka ananiona mmbea. Nani kakushikia futi? Ulikuwa umekula? Mbona mkono wako si ule wa mwaka jana? Kwa hiyo jipimeni, sikatai, lakini mpate mtu wa kuwashikia futi mgongoni. Vueni manguo mazito. Toeni pumzi, tumbo likae linapokaa. Anzeni na mkono, mkiukunja kidogo kiwiko. Na mkipewa vipimo vya mwenzenu, mkaona mfupa umebadilika, msitafute mvua ya kusingizia. Ulizeni.

Matanga yalipoanuliwa, Mama Masanja alikuja barazani na lile koti limekunjwa mkononi. Hakusema mwangaluka. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa kwenye benchi.

"Fumua ile mishono yako," akasema. "Lirudishe lilivyokuwa. Nataka kumpa Nkwabi. Alikuja msibani, akanieleza habari za kamba, analia kuliko mimi. Koti ni la mwili wake, alivae."

Nikachukua wembe, nikaanza kufumua. Alikaa ananitazama. Kisha akasema, "Na mikono umpunguzie. Nkwabi ni mfupi, mikono yake mifupi."

Mara akaukazia macho mkono wa koti. Niliendelea kufumua, lakini nilijua amefika kwenye lile nililomficha. Alinyoosha mkono akalichukua koti, akalaza ule mkono wa koti juu ya mapaja yake, akaupapasa kuanzia begani mpaka kwenye pindo.

"Kamba zote tano zilikuwa za Nkwabi."

"Ndiyo, mama."

"Mbona mikono hii ni ya Masanja? Ulijuaje?"

Nikamwonyesha daftari. Hakujua kusoma, lakini nilimwonyesha ule mstari, nikamwambia, hii ndiyo niliyompima mwenyewe siku ile alipokwenda.

"Na kamba ya mkono ilikuja fupi?"

"Ilikuja fupi."

"Siku ile niliyokuwa na mzigo wangu hapa?"

"Siku ile ile, mama."

Nilingoja anilaani. Ningepokea. Alikunja koti polepole, mkono huu juu ya ule, akaliweka kwenye meza ya cherehani mbele yangu, akasimama.

"Ungesema," akasema.